Tulilala Hoteli Yenye Picha Mbaya Kuliko Zote

Chumba kilikuwa kizuri kuliko picha yake.

Wewe ungeshukuru Mungu, ukatupa begi kitandani, ukavua viatu. Mimi nilishika kitasa cha mlango nisianguke.

Usinicheke kwanza. Nisikilize.

Kazi yangu ni kupiga picha za hoteli. Siyo harusi, siyo mikutano, hoteli tu. Mtu akijenga nyumba ya wageni yenye vyumba ambavyo ukitaka kugeuka lazima utoke nje, ananiita mimi. Nakifanya chumba kionekane kama uwanja wa mpira.

Ujanja wenyewe ni wa kawaida. Unachuchumaa kwenye kona, unafunga lenzi pana. Unaondoa pipa la taka, feni mbovu na mhudumu. Unawasha taa zote. Halafu unaazima chombo cha maua pale mapokezi, unakihamisha chumba hadi chumba. Kuna maua nayafahamu mimi yamelala hoteli nyingi kuliko wafanyabiashara.

Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi, narudia, sijawahi kuona chumba kilichoizidi picha yake. Haipo hiyo. Ni kama shati lirefuke baada ya kufuliwa.

Kwa hiyo nilipoona vile nikajua hapa kuna jambo. Na safari ile sikutaka jambo lolote, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutafuta mke.

Turudi nyuma kidogo.

Nina mchumba. Ni mpima macho, ana kiduka chake cha miwani. Siku ya kwanza niliingia pale nikasoma herufi zake zote mpaka ule mstari wa chini kabisa. Akaniambia, "Kaka, macho yako mazima. Umefuata nini?" Nikamwambia sijui. Kesho yake nikarudi ili nijue.

Huyu mchumba alilelewa na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Shangazi ni muuguzi mkuu mstaafu. Amesimamia wodi ya wanaume miaka nenda rudi, na mpaka leo akikutazama tu unajihisi umechelewa kunywa dawa.

Bila ndiyo ya Shangazi, ndoa hakuna. Mchumba aliniambia mapema, tena bila kupepesa macho.

"Yeye ndiye mama yangu na ndiye baba yangu. Akisema hapana, mimi na wewe tutabaki kusalimiana tu njiani."

Na hapana ya Shangazi ilikuwa haikai mbali. Walionitangulia walikuwa wawili, wote waliondoka mikono mitupu. Wa kwanza kosa lake alicheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe. Wa pili alikunja taulo vibaya.

Zamu yangu ikafika. Nikaenda nyumbani kwake nimevaa shati lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa. Siyo hapo."

Nikahama.

"Mwanangu anasema una macho makali."

"Ndiyo kazi yangu, Shangazi."

"Vizuri. Mimi tangu niko shule natamani kuuona ule mji wa kale. Kazi ikanibana. Nimestaafu, sasa mgongo ndio unanibana. Twendeni wote watatu, na hoteli utatafuta wewe. Nataka pazuri, pana staha, na bei isitutoe roho. Vyumba viwili. Mimi na mwanangu kimoja, wewe chako. Safari ikiisha nitakupa jibu."

"Jibu la hoteli?"

Alinitazama. Nikaelewa siyo la hoteli.

Basi nikaanza kutafuta.

Wakuu, kumpa mpiga picha za hoteli kazi ya kuchagua hoteli ni kumtuma muuza samaki akanunue samaki. Hanunui. Anajua mno.

Mchumba akawa ananionyesha moja baada ya nyingine mtandaoni.

"Hii je? Ina bwawa."

"Hilo ni beseni. Angalia kivuli cha kiti."

"Hii ina roshani."

"Mbona hawajaonyesha mlango? Mlango umekwama kwenye kitanda. Utaingia ubavuubavu."

"Haya, hii. Jamani angalia maua yake."

"Maua hayo nayajua."

Akaiweka simu mezani taratibu, kama mtu anayejizuia kuitupa.

"Mwenzangu, kwa hiyo tulale barabarani?"

Kidogo tugombane. Siku zinakatika, hoteli sina, na Shangazi keshanunua viatu vya kutembelea.

Ndipo nikaiona.

Ilikuwa chini kabisa, pale ambapo watu hawafiki. Picha yenyewe moja tu. Chumba kina giza, kimeinama upande kama kinataka kumwaga vilivyomo. Kitanda cha chuma. Godoro kuukuu limesimamishwa ukutani. Fagio. Ndoo. Na pembeni, kidole gumba cha aliyepiga.

Bei ilikuwa ya kistaarabu. Mahali penyewe katikati ya mji wa kale, karibu kabisa na makumbusho. Wageni waliowahi kulala waliandika maneno mafupi. "Pazuri." "Tutarudi." "Asanteni kwa kila kitu."

Nikainuka na simu.

"Hii ndiyo," nikamwambia mchumba.

Akaisogeza simu karibu na uso. Akaisogeza mbali. Na yule ni mtu wa macho.

"Ina ndoo."

"Ndiyo."

"Sasa unafurahia nini?"

"Mtu anayeweka ndoo kwenye tangazo hana anachoficha. Hiki chumba ni cha kweli. Tukifika hakitatushangaza."

"Shangazi kasema pazuri."

"Nitabeba mashuka, nitabeba taa, nitabeba na maua. Nitakipanga mimi mwenyewe kabla hajaingia. Niachie."

Nikamwona anapiga hesabu za maisha yake yote na mimi.

"Haya," akasema. "Lakini likiharibika, ni lako."

Tukaenda. Begi langu lilikuwa zito kuliko yao yote mawili, limejaa mashuka.

Sasa mtaelewa kwa nini nilishika kitasa.

Kuta nene za chokaa, nyeupe, hazina doa. Dari iko juu, na boriti zake ni za mbao nyeusi ya zamani. Sakafu ya vigae vyenye nakshi, vimelika kidogo pale watu wanapokanyaga zaidi. Pazia jeupe linagusa chini. Meza ndogo ya kuandikia na taa ya shaba. Dirisha linatazama ua wa ndani, kuna kisima cha kale na viti vya mbao kivulini.

Nikavuta pumzi nitafute harufu ya unyevu. Hakuna. Nikafunua pazia nitafute ufa. Hakuna. Nikafungua bomba la maji moto, nikajisemea hapa ndipo watakapojulikana. Yakaniunguza.

Nikaingia uvunguni mwa kitanda.

Nikiwa humo nikaona viatu vya kutembelea vimesimama mlangoni.

"Umepoteza nini?" Shangazi akauliza.

"Natafuta tatizo, Shangazi."

"Ukilipata utalifanyia nini?"

Nikatoka uvunguni. Hata vumbi sikutoka nalo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Chetu ni kizuri sana," Shangazi akasema, kwa uso uleule ambao angetumia kukutangazia msiba. "Kona za shuka zimekunjwa kihospitali. Humu anatandika nani?"

Nikashuka mapokezi mbio. Nikamkuta dada wa mapokezi anajipepea na kadi ya chumba.

"Dada, samahani. Nadhani mmetupa vyumba visivyo vyetu. Sisi tulichukua vile vya kwenye picha."

"Vya kwenye picha?"

"Ndiyo. Chenye ndoo."

Akanitazama mimi, akaitazama simu yangu, akaenda kumwita mwenye hoteli.

Mwenye hoteli alikuwa mtu mzima, mpana wa mabega, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuja amebeba rundo la taulo, anakunja huku anatembea.

"Kile ni stoo," akasema.

"Sasa mbona mmetangaza stoo?"

Akakunja taulo mpaka ikaisha.

"Aliyepiga alikosea mlango."

"Na hamkuwahi kuibadilisha?"

"Tumeizoea."

Mtu mwenye akili zake angenusa kitu. Mimi nikaingiwa na huruma. Nikaona mzee wa watu ana hoteli kali namna hii, hana wa kumpigia picha. Na fundi mwenyewe nimesimama mbele yake. Nikasema Mungu ndiye kanileta.

Na si huruma peke yake. Mchana ule tukila, Shangazi aliniuliza, "Hizo picha zako huwa zinamsaidia nani?" Nikajiumauma, nikanywa maji. Nilitaka aone.

Basi alasiri mwanga ukaingia vizuri, nikatoa kamera. Nikapiga vyumba, ngazi, ua, kisima, lile pazia. Sikuchuchumaa kwenye kona. Sikuhamisha hata kiti. Kwa mara ya kwanza nilipiga kitu jinsi kilivyo, na mikono yangu ikawa inashangaa.

Nikazipandisha kwenye ukurasa wangu. Jina la hoteli, mtaa, bei, kila kitu. Nikaandika: "Mnaotafuta pazuri kwa bei nafuu mji wa kale, acheni kuhangaika. Ni hapa."

Watu wakaanza kuzisambaza kabla sijafunga begi la kamera.

Nikampelekea Shangazi simu. Akavaa miwani. Akaangalia picha, akainua kichwa akaangalia ua, akarudi kwenye picha.

"Hizi hazidanganyi."

"Hapana, Shangazi."

"Kumbe ukitaka unaweza."

Jioni ile nilioga maji moto nikajilaza. Kichwani nilikuwa nusu nimeshaoa.

Asubuhi tuko uani, chai na mayai. Mlango mkubwa ukasukumwa, akaingia mama mmoja mrefu, begi mkono huu, simu mkono ule. Anaangalia simu, anaangalia ukuta. Anaangalia simu, anaangalia kisima.

"Ndiyo penyewe," akasema.

Mwenye hoteli alikuwa anatoka jikoni na birika la chai. Alipomwona, akasimama pale pale.

"Dada."

"Mdogo wangu," yule mama akasema polepole, "uliniambia unalala na panya."

Akaweka begi chini.

"Tangu mkeo afariki, kila nikisema nije nikuone, unanitumia picha ya chumba chenye ndoo. Mimi nalia. Nasema mdogo wangu anateseka peke yake mji wa watu. Nikakununulia godoro! Godoro langu liko wapi?"

"Liko stoo, dada."

"Nikakuombea dua!"

"Na zimejibiwa," mwenye hoteli akasema, akaliweka birika chini.

Mchumba akanikanyaga chini ya meza. Hata asingenikanyaga, nilikuwa nimeshaelewa.

Dada Mkubwa, ndivyo ukoo mzima ulivyomwita, alikuwa mvua ya rasharasha tu. Nyuma yake akaja kaka yao na mkewe na mama mkwe wake. Wakaja binamu. Wakaja watoto wa binamu. Akaja na bwana mmoja ambaye mpaka leo haijulikani ni wa upande gani, ila mswaki wake alikuwa nao.

Wote salamu yao moja. "Hongera sana. Tunalala wapi?"

Mwenye hoteli akanivuta mpaka kisimani.

"Zile picha umepiga wewe?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nilitaka kukusaidia."

"Zifute."

"Nimeshafuta. Watu walishazisambaza."

Akavua miwani, akaifuta kwa taulo, akavaa, akaona bado ni mimi.

"Kijana, zamani nilikuwa na mgahawa. Ndugu zangu wakaula. Usidhani nasema kwa mafumbo. Walikaa, wakala, wakashiba, nikafunga. Siwachukii. Nawapenda mpaka naumwa, na sina ulimi wa kumwambia hata mmoja aondoke. Ndiyo maana niliweka ile ndoo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Wageni wenye vyumba vyao siwezi kuwagusa," akasema. "Sasa Dada nitamlaza wapi?"

"Mpe changu," nikasema. "Mimi nitalala stoo."

Ndivyo nilivyohamia kwenye chumba nilichokichagua mwenyewe. Na tusemane ukweli, lile godoro la Dada Mkubwa lilikuwa godoro haswa.

Nilikuwa nafagia humo stoo, mchumba akanifuata. Akafunga mlango nyuma yake. Macho mekundu.

"Shangazi anafunga begi."

Nikaangusha fagio.

"Nilikwambia likiharibika ni lako," akasema. "Mtu umeambiwa utafute hoteli. Hoteli tu! Umeipata, nzuri, tumelala vizuri, kila mtu ana furaha. Ulikuwa unatafuta nini tena?"

"Nilitaka anione nafaa."

"Mimi nakuona unafaa." Sauti ikamkatika. "Nakupenda, lakini usinifanye nichague kati yako na aliyenilea. Kwa sababu sitakuchagua wewe, na nitalia maisha yangu yote."

Hapa sitanii. Iliniuma. Nilisimama na lile godoro nyuma yangu, nikainama kuokota fagio.

Ghafla tukasikia kelele juu. Tukapanda ngazi.

Dada Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni kwa Shangazi, na kundi zima nyuma yake. Kaka na mkewe walikuwa hawajapata pa kulala.

"Nyinyi ni ndugu wa nani?" Dada Mkubwa akauliza.

"Sisi ni wageni," Shangazi akasema. Begi lake lilikuwa kitandani, limefungwa nusu.

"Basi mtatusamehe. Hapa ni kwa mdogo wangu. Damu ni nzito kuliko maji."

Mwenye hoteli alikuwa kwenye ngazi, taulo mkononi, anafungua mdomo na kuufunga.

Shangazi akamtazama mwenye hoteli. Akamtazama Dada Mkubwa. Hakupandisha sauti.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mgonjwa gani?"

"Mmekuja wengi, mmebeba mabegi, mnataka vitanda. Wodini kwangu nilikuwa nayaona haya kila siku. Kabla ya yote huwa nauliza, mgonjwa ni nani?"

Dada Mkubwa akageuka kuangalia wenzake, kama vile kweli huenda kuna mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa."

"Kama hakuna mgonjwa, hakuna wa kulala. Waliokuja kuona watu wana saa zao. Shukeni chini."

Wakashuka.

Sijui niwaelezeje. Kuna sauti fulani binadamu anaitii tangu siku aliyozaliwa. Muuguzi mkuu akikwambia toka nje, unatoka, hata kama nyumba ni ya baba yako.

Shangazi akaenda mpaka kwenye ubao wa chokaa ambao jikoni huandikia chakula cha siku. Akaufuta wote. Akaandika kwa mwandiko wa hospitali, ila huu ulisomeka:

"SAA ZA KUWAONA NDUGU: saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Watoto wasikimbie. Chakula kutoka nyumbani kinaruhusiwa."

Waliotoka mbali akawapa kibali maalumu cha kulala ukumbini, mpaka kesho yake tu. Dada Mkubwa, kwa sababu ya lile godoro, akaachiwa chumba changu. Yule bwana wa mswaki akaulizwa maswali mawili matatu, akakumbuka ana safari.

Waliobaki wakatawanyika mjini. Wakajikuta wana binamu mwingine ng'ambo ya soko, wakamvamia huyo.

Na saa kumi kamili wakarudi, wamebeba vyombo vya chakula.

Ua ukajaa. Wakakaa, wakala, wakataniana. Kaka mtu akasimulia siku mwenye hoteli alipoogopa kuku utotoni, watu wakashika mbavu. Mwenye hoteli alikuwa katikati yao, anacheka mpaka miwani inamdondoka. Ndugu zake, chakula chao, na karibu wote walikuwa wanaondoka saa kumi na mbili.

Muda ulipofika Shangazi akagonga kengele ya mapokezi. Watu wakainuka. Dada Mkubwa akamkumbatia mdogo wake.

"Kesho saa kumi," akamwambia, akapanda zake kulala.

Mwenye hoteli akabaki amesimama pale uani, taulo mkononi, macho yamelowa.

"Nimekaa na ndugu zangu," akamwambia Shangazi, "na hoteli bado ipo."

"Hiyo taulo umeikunja vibaya," Shangazi akasema.

"Nimeikunja vizuri."

Mchumba akanishika bega. Katika maisha yake hakuwahi kusikia mtu akimbishia Shangazi habari ya taulo.

"Ukunje mara tatu," Shangazi akasema.

"Mara mbili. Mara tatu haikai kwenye rafu."

"Rafu yako ndiyo mbovu."

"Njoo uione basi."

Akaenda kuiona. Walikaa huko kwenye rafu muda mrefu kuliko rafu inavyohitaji. Lile begi lililofungwa nusu, mchumba aliporudi chumbani alilikuta limefunguliwa, nguo zimetundikwa.

Siku zilizofuata mimi niliosha vikombe. Sikutumwa, nilijituma. Ngome ya kale, ambayo watu husafiri kutoka mbali kuiona, niliiona kupitia dirisha la jikoni.

Siku moja kabla ya kuondoka mchumba akaninyang'anya sabuni. "Twende tukatembee," akasema.

Tukaingia vichochoro vya mji wa kale. Mawe ya njia yamelika katikati kwa nyayo za watu. Milango mifupi, mpaka uiname. Tukatembea, halafu akasimama.

"Unajua wale wawili hawakuwa na kosa?"

"Hata yule wa taulo?"

"Aliikunja vizuri. Nilikuwepo."

"Sasa?"

"Shangazi ana mimi tu. Hana mume, hana mtoto. Ndugu yake alikuwa baba yangu, naye hayupo. Nikiondoka atabaki anaongea na redio. Hawezi kulisema hilo, kwa hiyo anasema taulo. Na mimi najua, na kila mara nakubali. Kwa sababu hata mimi naogopa kumwacha."

Akanigeukia.

"Wewe si una macho makali? Hukuliona?"

Sikuliona. Mimi nilikuwa namwogopa Shangazi kama mtu anavyomwogopa askari wa getini. Haikunijia hata siku moja kwamba yule askari naye anaogopa.

Siku ya kuondoka nikashusha mabegi. Langu. La mchumba. La Shangazi sikulikuta mlangoni.

Mwenyewe alikuwa uani, meza moja na mwenye hoteli, rundo la taulo katikati yao. Huyu anakunja mara mbili, huyu mara tatu. Hakuna aliyekubali kushindwa.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa. Mchumba akakaa pembeni yangu.

"Una macho makali na akili ya kuku," Shangazi akaanza. "Umepewa chumba kizuri, ukaingia uvunguni. Umeona ndoo, ukaipenda. Umemletea mwenzako ukoo mzima bila hata kumuuliza."

"Ndiyo, Shangazi."

"Lakini ulipoharibu hukukimbia. Ulitoa chumba chako, ukaosha vyombo, hukujitetea. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo."

Mchumba akanishika mkono. Alinishika kwa nguvu mpaka pete yake ikaniachia alama.

"Na mimi niseme langu," Shangazi akaendelea. Anakunja, hatutazami. "Jibu hilo nilikuwa nalo tangu siku uliyokuja na lile shati. Wale wenzako nao walikuwa na lao, nikawanyima. Niliogopa. Jioni nikifunga mlango, sauti iliyomo ndani ni ya huyu mtoto tu. Nikishamtoa, nitamwambia nani lala salama?"

"Shangazi..." Mchumba alikuwa ameshaanza kulia.

"Nyamaza, sijamaliza. Begi langu liko juu. Liacheni huko huko."

"Hurudi?"

"Sirudi leo. Huyu bwana ana hoteli nzuri, ana ndugu wengi, na hajui kukunja taulo. Ameniomba nimsaidie kusimamia."

Mchumba akafuta machozi. Akamtazama Shangazi, akamtazama mwenye hoteli, akamtazama Shangazi tena.

"Kwa hiyo ni kazi?"

"Kazi kwanza," Shangazi akasema.

Mwenye hoteli akakohoa kidogo.

"Kwanza," akasema na yeye, akachukua taulo nyingine. Akaikunja mara tatu.

Harusi zikawa mbili. Ya Shangazi ilitangulia, maana mkubwa hapitwi. Aliyemsindikiza bibi harusi alikuwa mchumba wangu. Alilia mwanzo hadi mwisho, na Shangazi naye machozi yanamtiririka huku anamwambia aache kulia, watu wanaangalia. Ukoo wa bwana harusi ulijaa mpaka nje. Dada Mkubwa akamshika Shangazi mkono akatangaza kwamba kuanzia leo huyu ni wao, atake asitake. Shangazi aliuacha mkono wake pale pale.

Yetu ikafuata. Picha nilipigiwa na mwingine.

Najua mtauliza jina la hoteli. Mnisamehe, sisemi. Pale sasa ni ukweni, na mama mkwe wangu anasoma kila ninachoandika.

Ila hili nawaachia. Ukienda kumwomba mtu binti yake, usiishie kuuliza kama atakupa. Uliza akishakupa, yeye anabaki na nani.